Kubandika Mikeka ya Kuzuia Utelezi kwenye Jeti-ski ya Kusimama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jeti-ski ya kusimama haina kiti. Mpandaji hujivuta kutoka majini kwa mikono, hupiga magoti, kisha husimama katika trei, yaani lile bonde lililoko upande wa tezi (nyuma ya chombo) kati ya kingo mbili za bodi, na kuanzia hapo nyayo zake ndizo zinazomuunganisha na chombo. Majibu yaliyo hapa chini yanahusu namna ya kufunika trei hiyo, kuta zake na kingo zake kwa mikeka ya kuzuia utelezi ili ishike kwa miaka. Mambo mengi yanayoharibika katika kazi hii huharibika kabla kopo la gundi halijafunguliwa, na kwa sababu hiyo maandalizi yamepewa nafasi kubwa kuliko ubandikaji wenyewe.

Je, mkeka ni wa lazima, au ni pambo tu?

Bodi tupu iliyolowa huteleza kama sabuni, hata kama kiwanda kimeiwekea chembe za mkwaruzo. Mkeka hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja: huushika unyayo, hupunguza kishindo kinachopanda magotini chombo kinapotua juu ya wimbi, na huyalinda magoti wakati wa kuanza. Mikeka ya kingo ina kazi yake pia, kwa kuwa mpandaji huegemeza paja au goti kwenye ukuta wa trei anapokata kona, na huangukia kingo hizo mara nyingi kuliko anavyotaka kukiri. Rangi na michoro ni suala la macho ya mwenye chombo, ingawa ni vyema kukumbuka kwamba mkeka mweusi ulioachwa juani hupata joto la kuunguza nyayo zisizo na viatu.

Mikeka hii hutengenezwa kwa nini?

Mingi ya siku hizi ni sponji ya EVA, aina ya plastiki laini, ambayo vijishimo vyake vimefungwa kimoja kimoja, kwa hiyo hainyonyi maji kama sponji ya kuogea. Unene wa kawaida ni takriban milimita 5 hadi 6. Juu yake huwa na mifereji iliyokatwa au vinundu vyenye umbo la almasi vilivyofinyangwa kwa joto. Mifereji mirefu iliyonyooka hushika vizuri unyayo usiteleze kuelekea upande mmoja, lakini hushika kidogo kwa upande unaofuata mkondo wa mfereji wenyewe. Kwa hiyo anayechagua mchoro huo aulaze ukikingama njia ambayo mguu hupenda kukimbilia. Vinundu vya almasi hushika pande zote kwa kiasi kinachokaribiana, na kwa anayeanza ningependekeza hivyo.

Ipo pia mikeka ya raba ngumu, ambayo ilikuwa ya kawaida kwenye vyombo vya zamani. Hudumu sana, lakini ni mizito, ni migumu kwa magoti, na haikubali kwa urahisi kukunjwa kwenye kona. Mazulia ya kawaida ya nyumbani au ya gari hayafai, hata kama duka litasema hayaozi, kwa kuwa hushikilia maji, chumvi na mchanga, na mchanga ule huikwangua ngozi na bodi kwa pamoja.

Ninunue seti iliyokwisha kukatwa, au nikate mwenyewe kutoka kwenye karatasi nzima?

Seti iliyokatwa tayari inafaa ikiwa chombo ni cha muundo unaojulikana na trei yake haijabadilishwa. Neno la kuzingatia hapo ni mwaka. SuperJet ya Yamaha, kwa mfano, ilianza kuuzwa mwaka 1990, na umbo la bodi yake likabadilishwa mwaka 1996, 2008 na 2021. Mtu akiagiza seti kwa jina la chombo tu bila kutaja mwaka, ajiandae kupokea vipande vinavyopishana na kona zake. Kawasaki nayo ilitoa SX-R yenye injini ya takriban cc 800 kuanzia mwaka 2003, kisha mwaka 2017 ikalirudisha jina hilohilo juu ya chombo kikubwa zaidi chenye injini ya mipigo minne, na mikeka ya kimoja haikikai kingine.

Kukata mwenyewe ni lazima ikiwa bodi ni ya kutengenezwa kwa mkono, ikiwa umeongeza vishikio vya miguu, au ikiwa unataka kufunika sehemu ambazo seti haizigusi. Karatasi moja yenye upana wa takriban mita moja na urefu wa mita moja na nusu hutosha trei na kingo za vyombo vingi, lakini pima kwanza, na uhesabu makosa. Anayekata kwa mara ya kwanza huharibu walau kipande kimoja.

Kuna mikeka yenye gundi mgongoni na isiyo na gundi. Ipi ni bora?

Yenye gundi mgongoni ni safi na ya haraka: unaondoa karatasi ya nyuma na kubandika. Inashika vyema kwenye sehemu tambarare iliyosafishwa sawasawa. Udhaifu wake huonekana kwenye mikunjo mikali, kwenye bodi yenye mashimo mashimo, na kwenye kingo ambako goti husukuma kila siku. Isiyo na gundi hudai kazi ya kupaka gundi kwa brashi pande zote mbili, hunuka, na huchafua mikono, lakini ikibandikwa vizuri utaichana kabla ya kuibandua.

Maoni yangu ni kwamba sakafu ya trei ya chombo kinachotumiwa kwa upole inaweza kufunikwa kwa mikeka yenye gundi bila majuto, ila kwa kuta na kingo, na kwa chombo chochote kinachorushwa hewani, gundi ya kopo ndiyo inayostahili kuaminiwa. Wapo wanaochanganya njia zote mbili kwa kupaka gundi ya kopo juu ya ile ya mgongoni. Sikushauri. Gundi mbili za asili tofauti zaweza kulainishana badala ya kusaidiana.

Pedi za chini, kabari na vishikio vya miguu ni vitu gani, na huwekwa lini?

Pedi ya chini ni sponji nene isiyo na mchoro, ya milimita 10 au zaidi, inayolazwa chini ya mkeka ili kuongeza ulaini. Kabari ni vipande vilivyokatwa mshazari: vya nyuma huinua kisigino ili mwili uelekee mbele, na vya pembeni hujaza kona kati ya sakafu na ukuta ili mguu usiteleze kuelekea katikati chombo kinapolala ubavu. Vishikio vya miguu ni vikombe au mikanda migumu inayoingiza nyayo ndani na kuzizuia zisiachane na chombo hewani. Mtu anayepindua chombo kichwa chini hawezi kufanya kazi bila vishikio. Anayeshindana kwa kuzunguka maboya huhitaji zaidi kabari za pembeni. Na anayetembea tu juu ya maji matulivu hahitaji chochote kati ya hivyo mpaka magoti yake yaanze kulalamika.

Vyote hivi hutangulia mkeka. Vishikio vinavyofungwa kwa faibaglasi na epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya) huwekwa kwanza, husuguliwa, kisha pedi na kabari hubandikwa kuvizunguka, na mkeka hupita juu ya vyote kama ngozi. Jaribu mpangilio huo ukiwa bado mkavu: simama ndani ya trei huku chombo kikiwa kimewekwa kwenye stendi imara ya chini, vaa viatu unavyovaa majini, na chora kwa kalamu mahali ambapo nyayo zako zinaangukia zenyewe. Watu wengi huweka vishikio mahali palipopendeza kwenye picha ya chombo cha mwenzao, kisha hugundua kwamba miguu yao si mirefu kama ya mwenzao.

Mkeka wa zamani unaondolewaje?

Kwa joto na subira. Inua pembe moja kwa skrepa pana isiyo na makali, elekeza blowa ya hewa ya moto kwenye mshono kati ya mkeka na bodi, na vuta taratibu kwa pembe ndogo, mkeka ukirudi nyuma juu yake wenyewe. Joto likitosha, gundi hulainika na hutoka pamoja na mkeka. Likizidi, sponji huyeyuka na kubaki kama masizi yenye kunata, na bodi yenyewe yaweza kuvimba. Blowa isitulie mahali pamoja. Ukihisi kwamba mkono hauwezi kugusa bodi, basi umekwisha kuzidisha.

Mkeka uliozeeka sana hautatoka mzima. Utakatika vipandevipande na kuacha utando wa sponji kila mahali. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa na hakuna hila ya kuifupisha isipokuwa kubadilisha kisu mara kwa mara. Jambo la kuepuka ni kuchimba kwa pembe ya skrepa, kwani mkwaruzo wa kina kwenye jelkoti, yaani tabaka gumu la juu la bodi, hupitisha maji hadi kwenye nyuzi za kioo.

Je, ni lazima kuondoa mabaki yote ya gundi ya zamani?

Mabaki yanayonata, yanayobonyea kwa ukucha au yanayochanika kama ngozi yaondoke yote. Utando mwembamba sana wa gundi ngumu ambao haukubali kukwanguka unaweza kusuguliwa kwa msasa mpaka uwe sawa na bodi, nao hautadhuru. Tofauti ni hii: gundi mpya haishiki bodi pale penye mabaki, hushika mabaki, na nguvu yake haitazidi nguvu ya hayo mabaki yenyewe.

Kwa kulainisha, asetoni au thina hufanya kazi, lakini jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Bodi nyingi za kiwandani ni za SMC, yaani plastiki ngumu iliyochanganywa na nyuzi za kioo na kufinyangwa kwa shinikizo, nazo huvumilia kupanguswa kwa asetoni. Rangi iliyo juu yake haivumilii. Asetoni hukauka upesi mno kwa kazi ya kulainisha, kwa hiyo lowesha kitambaa, kilaze juu ya eneo dogo, kifunike kwa karatasi ya nailoni kwa dakika chache, kisha kwangua. Viondoa gundi vya machungwa ni vya polepole na havidhuru rangi kwa urahisi, ila huacha mafuta ambayo lazima yaoshwe kwa sabuni na maji kabla ya hatua inayofuata.

Nikitaka kupaka rangi au kurekebisha nyufa, nianze na kipi?

Nyufa kwanza, rangi baadaye, mkeka mwisho. Kuufunika ufa kwa mkeka ni kuuficha tu usionekane. Maji yataendelea kuingia, na siku ya kuurekebisha utalazimika kubandua kazi nzuri. Kuhusu rangi, thina iliyomo ndani ya gundi ya kopo hulainisha rangi za kawaida za kopo moja la kupuliza, kisha mkeka huondoka na rangi kama kigaga. Rangi ya vikopo viwili inayochanganywa na kigumisho, ikishakomaa kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, huvumilia. Njia ya salama zaidi ni kufunika kwa tepu ya karatasi maeneo yatakayokaa mkeka, ukiacha rangi iingie chini ya ukingo wa mkeka kwa sentimita moja hivi, ili gundi ishike bodi yenyewe na mpaka wa rangi usionekane.

Nitengenezeje kiolezo?

Tumia karatasi nene ya kahawia au boksi jembamba. Ilaze ndani ya trei, ibonyeze kwenye kona kwa kidole mpaka mkunjo uonekane, na ukate ukifuata mkunjo huo. Mahali ambapo karatasi inagoma kulala, usiilazimishe: ikate, ongeza kipande kidogo, na uvifunge kwa tepu. Kiolezo kizuri mara nyingi huonekana kama nguo yenye viraka, na hakuna aibu katika hilo. Ukimaliza upande mmoja, geuza kiolezo na ukijaribu upande wa pili; usichukulie kwamba pande mbili za trei zinalingana, kwa sababu mara nyingi hazilingani kwa milimita kadhaa.

Andika juu ya kila kiolezo neno «juu», mshale unaoelekea omo (mbele ya chombo), na mwelekeo wa mifereji. Nilipokata ukuta wangu wa kwanza niliacha kuandika, nikakata vipande viwili vya kushoto kutoka kwenye karatasi ya mwisho niliyokuwa nayo.

Acha nafasi ya milimita 3 hadi 5 kati ya kipande na kipande pale vinapokutana kwenye kona ya ndani. Mkeka una unene, na vipande viwili vilivyokatwa sawasawa na kiolezo cha karatasi vitasukumana na kuinuka kwenye mshono.

Kukata kufanyike vipi, na kingo zipunguzwe vipi?

Kisu cha wembe kipya, rula ya chuma kwa mistari iliyonyooka, na mkato mmoja mrefu badala ya mingi mifupi. Wembe butu huvuta sponji na kuacha meno. Pembe zote za nje zikatwe mviringo, hata kama ni mviringo mdogo wa ukubwa wa sarafu, kwa sababu pembe kali ndiyo ya kwanza kubanduka.

Ukingo unaoonekana wa kila kipande ukatwe au usuguliwe mshazari wa takriban digrii 45, ili maji na mguu vipite juu yake bila kupata mahali pa kuushika. Mashine ya kusugulia yenye msasa wa mkanda hufanya hivyo kwa dakika chache na kwa usafi kuliko kisu; jizoeze kwenye kipande kilichobaki, na uvae barakoa, kwa kuwa vumbi la EVA ni jepesi na huelea chumbani kwa muda mrefu.

Bodi itayarishwe vipi kabla ya gundi?

Laza kipande kikavu mahali pake, chora mzunguko wake kwa penseli, kisha bandika tepu ya karatasi nje ya mstari huo. Ndani ya mstari, sugua kwa msasa namba 80 mpaka mng'ao wote uishe. Usitoboe jelkoti, unachotafuta ni mikwaruzo midogo iliyoenea, si mashimo. Sugua pia mgongo wa mkeka ikiwa ni laini na unang'aa. Ondoa vumbi, pangusa kwa asetoni kwa kitambaa cheupe safi, geuza kitambaa, pangusa tena, mpaka kitambaa kitoke kikiwa cheupe. Tangu hapo usiguse eneo hilo kwa mkono mtupu, kwa sababu mafuta ya kidole yanatosha kuharibu duara la ukubwa wa kidole hicho.

Bodi iliyotoka majini wiki hiyo inaweza kuwa na unyevu kwenye matundu ya skrubu na nyufa ndogo. Iache ikauke kabisa, kwani maji yanayotoka polepole chini ya gundi hayaonekani siku ya kazi.

Gundi gani, na inapakwaje?

Gundi inayotakiwa ni ile ya mgusano, jamii moja na ile ya mafundi viatu: hupakwa pande zote mbili, huachwa ikauke, kisha pande hizo zikigusana hushikana papo hapo. Chagua ile yenye thina ndani yake. Zile zinazochanganywa kwa maji ni rafiki wa pua, lakini si za kutegemewa kwa kitu kitakachokaa majini. Takriban lita moja hutosha chombo kizima, ikiwa pamoja na koti la pili.

Paka koti jembamba na sawasawa kwenye bodi na kwenye mgongo wa mkeka, ukizingatia zaidi kingo. Subiri likauke, kisha paka la pili, hasa upande wa sponji. Subiri tena. Muda wa kukauka ni dakika 15 hadi 30 kwa hali ya kawaida, lakini usiangalie saa. Gusa kwa nyuma ya kidole. Ikiwa gundi inavutika kama utando wa buibui, bado. Ikiwa inahisi kavu na kidole kinatoka safi, iko tayari. Kosa linalorudiwa kuliko yote katika kazi hii ni kubandika ingali mbichi kwa kuogopa kwamba ikikauka haitashika. Hali ni kinyume: thina iliyofungiwa kati ya bodi na sponji haina pa kutokea, hutengeneza mapovu, na gundi hubaki laini kwa majuma.

Kwa upande mwingine, usiiache kutwa nzima. Gundi nyingi za aina hii hubaki tayari kwa saa moja au mbili, na kopo huandika kikomo chake. Ukipitiwa, paka koti jingine jembamba uanze kuhesabu upya.

Ninawezaje kuweka mkeka mahali pake ikiwa hauwezi kusogezwa tena?

Hapa ndipo watu hutokwa jasho. Laza karatasi ya nta, au vijiti kadhaa safi vya mviringo, juu ya bodi iliyokwisha kupakwa gundi. Gundi kavu haishiki karatasi ya nta. Weka mkeka juu yake, ulinganishe na mstari wa penseli pande zote, kisha vuta karatasi kwa sentimita chache kutoka katikati ili mkeka ushike hapo kwanza. Ukiridhika, endelea kuivuta polepole huku mtu wa pili akibonyeza kutoka katikati kwenda nje. Mtu wa pili si anasa. Kuta ndefu za trei ni vigumu mno kuzifanya peke yako.

Usiunyooshe mkeka ili ufikie mstari. Sponji iliyovutwa hukumbuka urefu wake wa awali na itarudi, aidha kwa kubandua ukingo au kwa kufungua mshono. Pale unapopinda juu ya ukingo mkali, upashe kidogo kwa blowa kabla ya kupaka gundi, uukunje kwa mkono kwenye umbo la bodi, na uuache upoe ukiwa hivyo. Utakapoubandika hautapigana nawe. Baada ya kila kipande, pitisha rola ya mpira mgumu kwa nguvu, kwa kuwa gundi hii hupata uimara wake kutokana na msukumo wa wakati huo. Kulaza mawe juu yake usiku kucha hakufidii rola ambayo haikupitishwa.

Mimi huanza na sakafu, kisha kuta, kisha juu ya kingo. Kwa mpangilio huo ukuta hukalia ukingo wa sakafu na kuuzuia usiinuliwe na ncha ya kiatu.

Kuna sehemu ambazo hazipaswi kufunikwa?

Zipo, na ni vyema kuzitia alama kabla ya kutengeneza kiolezo: nambari ya utambulisho ya chombo iliyochongwa upande wa tezi, plagi za kutolea maji, matundu ya pampu inayotoa maji ya ngama (yanayokusanyika chini ndani ya chombo), pete ya kukokotea, na skrubu zozote ambazo utahitaji kuzifungua kwa matengenezo. Acha pia njia ya maji kutoka nje ya trei kwa nyuma. Kabari za nyuma zilizojazwa kutoka ukuta hadi ukuta hugeuza trei kuwa beseni.

Baada ya kubandika, nisubiri muda gani kabla ya kuingia majini?

Kwa gundi ya kopo, saa 24 ni kiwango cha chini, na kungoja zaidi hakudhuru, hasa penye baridi. Mikeka yenye gundi ya akriliki mgongoni hushika papo hapo lakini hufikia nguvu yake kamili baada ya saa 72 hivi. Kazi yenyewe ifanyike penye joto la nyuzi 18 za Selsiasi au zaidi. Siku za unyevunyevu mwingi, thina inapovukiza hupoza uso wa gundi na kuvuta umande usioonekana kwa urahisi. Ukiona gundi imepata utando mweupe, usibandike, ipashe taratibu mpaka utando uondoke, au ahirisha.

Kuna hatari gani za kuzingatia?

Moto ndio mkubwa. Mvuke wa asetoni na wa gundi ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na huwaka kwa cheche. Ndani ya jeti-ski kuna petroli pia. Fungua milango, toa betri, hakikisha tangi halivuji, fungua kifuniko cha injini mapema ili mvuke usikusanyike humo, na usitumie kamwe blowa ya moto mahali ambapo asetoni imepanguswa punde. Vaa glovu zinazostahimili thina na barakoa yenye chujio la mvuke. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo. Kichwa kikianza kuuma, toka nje.

Mkeka wangu umesinyaa na kuacha nafasi kwenye mishono. Kwa nini?

EVA husinyaa kwa joto. Karatasi iliyohifadhiwa ndani ya gari lililofungwa juani inaweza kusinyaa kabla hata ya kukatwa, na iliyobandikwa itajaribu kusinyaa chombo kikianikwa mchana kutwa bila kifuniko. Ikiwa gundi ilishika pande zote, kiasi kinachoonekana ni kidogo. Nafasi zikiwa kubwa, karibu kila mara mkeka ulivutwa wakati wa kubandikwa, au karatasi ilikatwa ikiwa bado imejikunja tangu ilipotoka kwenye furushi. Ilaze karatasi ikiwa tambarare, chumbani, kwa siku moja kabla ya kuikata.

Pembe moja imeanza kubanduka. Je, nibandue yote?

Hapana. Inua mpaka ufikie mahali inapogoma, usizidi hapo. Suuza chumvi na mchanga kwa maji yasiyo na chumvi, acha pakauke kwa siku nzima huku pembe ikiwa imeinuliwa kwa kijiti, kwangua gundi iliyolegea, pangusa bodi kwa asetoni kidogo bila kuilowesha sponji, paka makoti mawili kama ulivyofanya mwanzo, subiri, bonyeza. Gundi za kudondosha zinazoganda kwa sekunde huwa ngumu kama kioo, na kwa kuwa mkeka hujipinda kila mguu unapoukanyaga, hupasuka upesi na kuacha tabaka gumu ambalo ni tabu kuliondoa.

Mikeka hutunzwa vipi?

Maji yasiyo na chumvi baada ya kila safari, sabuni laini na brashi ya nyuzi laini panapokuwa na uchafu. Mashine ya maji ya shinikizo isielekezwe kwenye kingo za mkeka. Kinachoharibu mikeka kuliko jua ni mafuta: kwenye vyombo vya mipigo miwili, ambavyo vingi hunywa petroli iliyochanganywa na oili kabla ya kumiminwa tangini, tone linaloanguka wakati wa kujaza huvimbisha sponji na kulainisha gundi iliyo chini yake. Funika trei kwa taulo kuukuu kabla ya kujaza, na kilichomwagika kioshwe kwa sabuni hapohapo, kabla hakijapenya kwenye mishono.